Vitu vya ndani vya Beetle iliyokarabatiwa: kipi ilizaliwa nacho, kipi kimeletwa

Muuzaji akikuambia "ndani kila kitu orijino", usibishane naye. Mwombe ruhusa unyanyue kiti cha nyuma. Akisitasita, tayari umepata jibu la kwanza. Akikubali, umepata pa kuanzia.

Nazungumzia Volkswagen Beetle, hasa za miaka ya 1960, kwa sababu ndizo ninazozikagua na ndizo watu wengi wa huku wamerithi kwa baba na babu. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962, na wapo wazee ambao mpaka leo hawataki kusikia gari jingine likisifiwa. Mwenye Peugeot 404 au Mercedes ya zamani anaweza kufuata njia hiihii. Miaka na namba tu ndizo zitakazobadilika.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno. Sokoni, "orijino" hubeba mambo manne tofauti. Kuna kitu ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Kuna spea halali ya Volkswagen iliyonunuliwa miaka kumi baadaye ikafungwa. Kuna kitu halisi cha rika hilohilo kilichong'olewa kwenye Beetle nyingine. Halafu kuna nakala mpya iliyotengenezwa ifanane. Muuzaji anaweza kuapa kwamba vyote vinne ni orijino, na kwa namna fulani asiwe mwongo. Kazi yako ni kujua kila kimoja kinaangukia wapi, maana bei zake hazilingani hata kidogo.

Beba tochi, kioo kidogo cha mkononi, bisibisi bapa na ya nyota, simu yenye kamera nzuri, na kitambaa. Vaa nguo usizozionea uchungu.

1. Soma namba kabla ya kutazama uzuri

Nyanyua kiti cha nyuma. Katikati ya sakafu kuna mgongo wa chuma unaotoka mbele kwenda nyuma ya gari, na juu yake, chini ya kiti hicho, imegongwa namba ya chesisi. Ilinganishe na kibati kilichoko mbele chini ya boneti, kisha na kadi ya gari. Zote tatu lazima zifanane. Zisipofanana, ya ndani yaache kwanza; hapo tatizo si orijino tena.

Kuanzia modeli ya 1965 namba inajieleza yenyewe. Tarakimu mbili za mwanzo, 11, ni Beetle ya kawaida. Ya tatu ni mwaka: 115 ni modeli ya 1965, 116 ya 1966, na kuendelea hadi 119. Modeli ya 1970 huanza na 110, na namba ikaongezeka tarakimu moja. Za kabla ya hapo ni namba za mfululizo tu, na unahitaji jedwali la miaka kuzisoma.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mwaka wa modeli pale Wolfsburg, kwenye kiwanda cha Volkswagen huko Ujerumani, ulianza Agosti. Gari lililotoka kiwandani Oktoba 1964 ni modeli ya 1965, na likisafiri kwa meli mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kadi inaweza kuandikwa 1965. Kwa hiyo usishtuke ukikuta mita au kioo chenye tarehe ya 1964 ndani ya gari la "1965". Ndivyo inavyotakiwa. Kifaa huzaliwa kabla ya gari, kwa wiki chache au miezi michache. Kinachotakiwa kukushtua ni kifaa kilichozaliwa baada ya gari lake.

Ukiwa hapo chini ya kiti, tazama betri, upande wa kulia. Je, ina kifuniko? Springi za kiti hicho zikigusa vichwa vya betri, shoti inatokea na majazo ya kiti yanashika moto. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Kama kifuniko hakipo, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, hata kama hununui gari.

2. Tafuta rangi ya kweli nyuma ya dashibodi

Dashibodi ya Beetle za miaka hiyo ni bati lililopakwa rangi ya bodi. Gari likipakwa rangi upya, mbele ya dashibodi hung'aa kama kioo, lakini mafundi wachache sana hupaka nyuma yake.

Ondoa waya wa betri kwanza. Fungua boneti, toa ile kadibodi inayoziba nyuma ya tangi la mafuta, na mgongo wote wa dashibodi utakuwa wazi mbele yako, pamoja na nyaya na kisanduku cha kuwekea vitu, ambacho nacho ni cha kadibodi ngumu. Mulika pembeni na kwenye mikunjo ya bati. Rangi utakayoikuta huko ndiyo ya kiwandani.

Kwa nini rangi ya nje ituhusu wakati tunakagua ya ndani? Kwa sababu Volkswagen haikuweka kiti cha rangi yoyote kwenye bodi ya rangi yoyote. Kila rangi ya bodi ilikuwa na rangi zake za viti na paneli. Ukishajua kwamba gari lililo jekundu leo lilizaliwa la bluu, basi vile viti vyekundu vya kupendeza vina maswali ya kujibu.

Tazama nyaya pia. Mzigo wa nyaya wa kiwandani umefungwa kwa mpangilio, rangi za nyaya zina mistari. Ukiona waya mmoja mwekundu umekatiza katikati, umefungwa kwa selotepu nyeusi na kuelekea kwenye redio, basi redio ilikuja baadaye, hata kama sura yake ni ya kizee.

3. Mita ya spidi: shahidi asiyesahau tarehe

Mita za Beetle zilitengenezwa na VDO, kampuni ya Kijerumani ya mita za magari, na mara nyingi mwezi na mwaka wake vimepigwa muhuri nyuma ya ganda. Ukiwa bado umefungua kadibodi, ingiza kioo chako cha mkono au simu, piga picha, kisha ukuze.

Hata bila tarehe, uso wa mita unasema mengi. Hadi modeli ya 1961, Beetle haikuwa na geji ya mafuta. Dereva alikuwa na koki ya kugeuza kwa mguu ili kufungulia mafuta ya akiba. Kuanzia modeli ya 1962 magari mengi ya kuuzwa nje yalipewa geji ndogo ya pekee pembeni ya mita ya spidi, ikiendeshwa kwa waya wa kuvuta kutoka kwenye tangi. Modeli ya 1968 ndiyo iliyoingiza geji ndani ya mita yenyewe, ya umeme sasa. Kwa hiyo Beetle ya 1965 yenye geji ndani ya mita imebadilishwa mita, na hakuna hadithi ya babu itakayobadilisha hilo.

Halafu maili na kilomita. Kenya, Uganda na Tanganyika za wakati ule zilihesabu maili, na magari mapya ya hapa yalikuja na mita za maili. Mita ya kilomita ndani ya gari la 1965 lililouzwa jipya Nairobi inahitaji maelezo. Maelezo ya kweli yanaweza kuwepo: huenda gari lilitokea Bujumbura au Bukavu, ambako usukani ni wa kushoto na hesabu ni ya kilomita. Basi kagua kama usukani ulihamishwa kuja kulia. Matundu yaliyozibwa kwa bati la kuchomelea karibu na pedali, au sura ya dashibodi iliyokatwa na kugeuzwa, hayafichiki ukiangalia kwa upande wa boneti.

Na hesabu ya maili yenyewe? Usiitegemee. Mita hizo zina tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 zinarudi sifuri. "Maili 43,000 tu, mzee" inaweza kuwa 143,000.

4. Viti: hapa usiwe na haraka

Viti ndivyo vinavyoshonwa upya kuliko kitu kingine chochote, na ndivyo vinavyodanganya vizuri zaidi.

Toa kiti cha mbele kwenye reli zake, kigeuze miguu juu ukilaze kwenye kitambaa. Kiti cha kiwandani ni fremu ya bomba na springi za waya. Juu ya springi kuna godoro jembamba la nywele za wanyama au nyuzi za mimea zilizoshikanishwa kwa mpira. Mtu wa pwani akiligusa atafikiri ni usumba, na kwa magari mengi ya Kijerumani hatakuwa amekosea: usumba wa nazi uliolowekwa mpira ulitumika sana kwenye viti. Lina harufu yake, kavu na tamu kidogo, ambayo kila aliyepanda Beetle utotoni anaikumbuka. Fundi wa mtaani hujaza sponji. Bonyeza kwa ngumi: sponji inazama na kurudi polepole, springi na nyuzi zinakusukuma mara moja.

Sasa angalia kingo za chini za fremu. Kiwandani, kava halikubandikwa kwa gundi wala kupigwa pini za stepla. Fremu ina meno madogo ya chuma, kava linavutwa na kutobolewa kwenye meno hayo, kisha meno yanakunjwa. Meno yaliyokunjwa mara moja hulala sawasawa. Yaliyokunjuliwa na kukunjwa tena huwa yamepinda ovyo, mengine yamekatika, na kutu imeingia penye mpasuko.

Kwenye meno hayohayo nilipata jibu lililowashinda watu watatu waliotangulia kuliona gari. Rafiki yangu aliniita tukaangalie Beetle nyekundu, modeli ya 1965, viti vyekundu vimenyooka kama vya jana. Mwenye gari, mtu mstaarabu sana, alisema kava zimesafishwa tu. Mita ilikuwa na geji ndani, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Nikageuza kiti cha dereva. Chini ya jino moja, kona ya nyuma, kulikuwa na kipande cha reksini cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimebanwa humo tangu kava la zamani lilipochanwa. Nilikifuta vumbi kwa mate. Kijivu. Nikamwonyesha mwenye gari. Akakitazama muda mrefu, akasema, "Kaka, mimi mwenyewe nilinunua hivyo." Nilimwamini. Rangi ya nyuma ya dashibodi nayo haikuwa nyekundu.

Mshono nao unasomeka. Reksini ya kiwandani ina mistari iliyogandamizwa kwa joto, hasa kwenye paneli na sehemu za katikati ya viti. Haina uzi, mfereji wake ni laini na una kina kilekile mwanzo hadi mwisho. Fundi asiye na mashine hiyo hushona mstari kwa uzi ili ufanane. Ukiona matundu ya sindano mahali palipotakiwa kuwa na mfereji mtupu, ni kazi mpya. Nakala nzuri za Ulaya na Marekani zina mifereji ya joto, kwa hiyo usikate shauri kwa hilo peke yake. Pindua ukingo utazame mgongo wa reksini: kitambaa cha zamani kimekuwa cha njano na kimeshika umbo la springi, kipya ni cheupe na hakijui kilipo.

Kigezo kingine hakihitaji bisibisi. Uchakavu huwa na tabia ya dereva. Upande wa mlango wa kiti cha dereva huchakaa kuliko kwingine kwa sababu ndiko mtu anakopenyeza makalio kila siku. Kiti cha nyuma huchakaa kwa jua juu ya mgongo, karibu na kioo. Viti vyote vikiwa vimechakaa sawasawa, au vyote havijachakaa kabisa huku pedali zimelika hadi chuma, kuna kitu hakijasemwa.

5. Dari

Beetle za zamani zaidi zina dari la kitambaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaja la plastiki jeupe lenye vitobo vidogo. Limetandazwa juu ya fito za chuma na kingo zake zimepita chini ya mipira ya vioo. Hapo ndipo pa kukamatia. Kubadilisha dari sawasawa lazima utoe kioo cha mbele na cha nyuma. Wavivu hukata dari pale mpira unapoanzia na kubandika gundi. Vuta mdomo wa mpira taratibu kwa ukucha: dari likiendelea ndani, sawa, likiishia hapohapo, utaona mstari wa gundi ya kahawia.

Dari jipya kabisa na mipira ya vioo iliyopasuka kwa uzee havikai pamoja.

6. Milango na namba za spea

Ng'oa hendeli ya kupandisha kioo na ile ya kufungulia mlango, kisha chomoa paneli, klipu moja moja. Mwachie mwenyewe afanye kama anaogopa. Nyuma ya paneli ya kiwandani ni ubao mwembamba uliobonyezwa, wa kahawia iliyokolea, mara nyingi na alama za maji sehemu ya chini. Kati yake na mlango kulikuwa na karatasi ya kuzuia maji. Hesabu matundu ya klipu: kila tundu la paneli lazima likutane na tundu la bati. Paneli ya fundi huwa na matundu machache, au skrubu mbili zimepigiliwa palipokosa klipu. Matundu ya ziada ya spika karibu na miguu ni jeraha la kawaida la miaka ya 1980. Hata paneli ya kuzaliwa nayo inaweza kuwa nayo.

Hendeli zenyewe ni za zinki iliyopakwa kromu, kwa hiyo sumaku haitakusaidia. Hazishikwi, za zamani wala nakala. Pima kwa uzito na kwa ngozi. Ya zamani ni nzito na kromu yake ikizeeka hutoa vipele vidogo kama harara. Nakala nyingi ni nyepesi, kingo zake hazina ukali, na kromu ina unjano kwa mbali.

Ukipata namba ya spea iliyogandamizwa kwenye plastiki au chuma, umepata hazina. Namba za Volkswagen huandikwa kwa mafungu ya tarakimu tatu. Fungu la kwanza linasema ni la gari gani, na kwa kawaida likiishia na shufwa, kama 114, kifaa ni cha usukani wa kulia. Fungu la pili likianza na 8 ni bodi na vya ndani; likianza na 9 ni umeme. Kwa mfano 881 ni viti, 867 paneli, 957 mita ya spidi. Herufi mwishoni inaonyesha kwamba kifaa kiliboreshwa baada ya kutoka mara ya kwanza, kwa hiyo herufi iliyosogea mbele ni dalili ya ujana.

Angalia pia nchi. Kilichoandikwa "W. Germany" ni cha kabla Ujerumani hazijaungana mwaka 1990. Kilichoandikwa kwa Kihispania au Kireno ni cha Mexico au Brazil, ambako Beetle ziliendelea kutengenezwa muda mrefu. Mexico ilifunga mwaka 2003. Hivyo ni vifaa halali vya Volkswagen, ila havikuzaliwa na Beetle yako ya 1965 kutoka Wolfsburg. Kuna na Beetle zilizounganishwa Uitenhage, Afrika Kusini, usukani wa kulia, zenye reksini na vitambaa vya hukohuko. Zikiletwa kaskazini, watu huziita za kuchakachua. Haikuwa hivyo: kiti cha Uitenhage ni orijino kwenye gari la Uitenhage.

7. Sakafu na vidude

Mbele, Beetle za miaka hiyo zilikuwa na mkeka wa mpira, na kapeti pembeni juu ya mifereji ya hita na sehemu za nyuma. Kapeti nene iliyotandikwa sakafu nzima ni ya fundi, na inaficha unyevu. Inua uone bati.

Hita nayo: modeli ya 1965 ilileta wenzo mbili pembeni ya breki ya mkono, badala ya kitasa cha kuzungusha cha zamani. Kitasa cha kuzungusha kwenye gari la 115 maana yake sakafu nzima huenda ilitoka gari jingine. Rudi hatua ya kwanza ukaisome namba upya, safari hii kwa makini.

Pedali ya mafuta ya bapa ni ya modeli ya 1958 kuendelea. Kabla yake ilikuwa kigurudumu kidogo. Usukani wenye nyufa karibu na mikono yake ni wa zamani, na nyufa zilizojazwa zikapakwa rangi bado ni usukani uleule. Mimi hilo nalihesabu kuwa ukarabati mwema.

8. Agiza cheti

Makumbusho ya Stiftung AutoMuseum Volkswagen, Wolfsburg, hutoa kwa malipo cheti cha kuzaliwa cha gari kutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda. Unatuma namba ya chesisi. Unapata tarehe ya kutengenezwa, rangi, aina ya viti na nchi gari lilikopelekwa. Kama gari ni la bei kubwa, omba muda kabla ya kulipa mpaka cheti kifike. Kile kipande cha kijivu cha ukubwa wa kucha kilinitosha mimi, lakini mnunuzi atakayekuja baada yako atataka karatasi.

9. Andika, kisha uulizie boksi

Piga picha ya kila kitu ulichokiona, andika pembeni kipo kundi lipi kati ya yale manne. Usimsomee mwenye gari orodha kama hakimu. Rafiki yangu aliinunua ile Beetle nyekundu. Walishuka bei kwa utaratibu, wakanywa chai.

Kabla ya kuondoka, uliza swali moja ambalo wengi husahau: "Vile vilivyotolewa viko wapi?" Waliokarabati gari mara nyingi hawakutupa. Kuna boksi stoo, au gunia kwa fundi, lenye mita ya zamani, hendeli zenye vipele, pengine hata kava lililochanika. Yule mstaarabu alienda ndani akarudi na katoni ya sabuni. Humo, chini ya rundo la skrubu, kulikuwa na mita ya maili, geji ndogo ya mafuta na waya wake, na nyuma ya ganda muhuri wa mwezi wa tisa, 1964.